Kabla ya Kununua Jina la Mwingine



Katika mkutano wetu wa Jumapili iliyopita, kijana mmoja wa kikundi alituletea shauri zito. Mtu wa Kisangani amempa nafasi ya kufungua duka hapa Opala kwa jina la kampuni inayojulikana mjini. Atalipa kiingilio, atapewa kibao, rangi, bidhaa na mafunzo, kisha kila mwezi atapeleka sehemu ya mauzo kwa mwenye jina. Mapatano ya namna hii huitwa franshizi. Fedha anazokusudia kutumia ni mavuno ya mpunga ya mama yake ya misimu miwili, pamoja na zamu yake ya likelemba. Alituuliza: niingie au nisiingie? Tulijadiliana hadi jua likazama, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, tusilidharau jina jema. Ray Kroc alifungua mgahawa wake wa McDonald's karibu na Chicago mwaka 1955, na jina lilipoenea, msafiri asiyemjua mpishi aliweza kuingia bila woga, kwa kuwa alikitambua kibao. Jina lilishika nafasi ya kujuana. Lakini sisi wa Opala tunajuana. Anayekuja kununua sabuni anajua muuzaji ni mtoto wa nani, na anakumbuka kama mwaka jana alimpunja kipimo. Kibao cha kampuni hakitamfanya amwamini zaidi, wala hakitamfanya alipe bei kubwa zaidi.

Basi swali la kwanza ni hili: jina hili litanifanyia kazi gani ambayo siwezi kuifanya mwenyewe? Wakala wa M-Pesa analo jibu. Huduma hiyo ilianza Kenya mwaka 2007, na Vodacom ikaileta nchini kwetu mwaka 2012. Wakala hawezi kwa nguvu zake kufikisha fedha za mteja Kisangani kwa dakika chache. Mtandao ndio unaozifikisha. Naye ana taabu zake, kwa maana yampasa kuwa na akiba mbili, noti mkononi na fedha ndani ya simu. Moja ikiisha, huwarudisha wateja, na mvua zikiharibu barabara, noti huchelewa kumfikia. Hata hivyo, jina analolitumia linafanya kazi. Lakini duka la sabuni na chumvi litapata nini kwa rangi ya kampuni, ikiwa bidhaa zilezile huletwa na kila mchuuzi kwa mtumbwi juu ya mto Lomami au kwa pikipiki?

Swali la pili ni la hesabu. Tuchukue mfano. Kiingilio ni dola 1,000, na mwenye jina anadai asilimia 6 ya mauzo. Duka likiuza vitu vya dola 500 kwa mwezi, na tukitoa gharama ya kuvinunua na kuvisafirisha, labda hubaki dola 100. Mwenye jina anachukua 30, kwa kuwa fungu lake hupimwa juu ya mauzo yote, si juu ya faida. Kodi ya nyumba ni 30, msaidizi 25. Zinabaki dola 15. Kwa mwendo huo, kiingilio peke yake kitarudi baada ya miezi 67, yaani zaidi ya miaka 5, na mwenye duka hajala kitu. Kama mkataba ni wa miaka 5, utakwisha kabla hajarudisha fedha za mama yake. Tena mwezi mauzo yakianguka, hasara haigawanywi: mwenye jina hupokea asilimia yake, na deni hubaki Opala.

Swali la tatu: faida inatoka wapi? Wazee wetu wanaikumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa, iliyoahidi kuzidisha fedha za watu kwa muda mfupi, kisha ikaanguka mwaka 1991 na kuwaacha wengi mikono mitupu. Ukiambiwa kwamba utapata zaidi kwa kuwaleta wenzako walipe kiingilio kuliko kwa kuuza bidhaa, hiyo si biashara. Ondoka.

Mkataba nao usomwe wote. Nchi yetu imo katika OHADA tangu mwaka 2012, lakini sheria zake za pamoja hazina sheria mahususi ya franshizi. Kwa hiyo kinga kubwa ya kijana ni maandishi anayotia sahihi. Kama Kifaransa chake ni kichache, amtafute mtu wa kumfafanulia, asiye na sehemu katika fedha hizo.

Maoni yetu ni kwamba asiingie sasa. Aanze na meza ndogo kwa jina lake mwenyewe, kwa fedha ambazo zikipotea jamaa itakula bado. Sheria hizohizo za OHADA zinamruhusu mtu mwenye kazi ndogo kujiandikisha kwa tamko jepesi bila kuunda kampuni. Baada ya mwaka wa kuandika daftari kila jioni, atajua Opala inanunua nini na kwa kiasi gani. Hapo, jina la mwingine likija, ataweza kulipima.

Katika Injili ya Luka, Bwana anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara, naye huketi kwanza kuhesabu gharama. Kuketi huko si uoga wala si imani haba. Kijana wetu ameombwa ajibu kabla ya mwisho wa mwezi. Tumekubaliana kuketi naye tena Jumamosi kwa daftari na kalamu, na tumemwomba aje na mama yake, kwa maana mpunga ni wake.