Bodi ya mabomba: funga kwa bolti, usichomelee kwenye chasisi

Ndugu mkulima, kuunda bodi ya pikapu kwa mabomba hapo nyumbani ni jambo jema: hewa inapita, matenga ya nyanya hayapati joto. Ila sikubaliani na mafundi wanaoichomelea moja kwa moja kwenye chasisi. Moto hudhoofisha chuma palepale kinapobeba mzigo, na barabara mbovu humalizia kazi. Funga kwa bolti na nati.

Ukichomelea chochote garini, kwanza toa waya wa betri. Bomba lililopakwa zinki usilichomelee ndani ya banda lililofungwa; moshi wake huleta homa. Pima uzito pia: bodi ya kilo 200 inakula kilo 200 za mzigo ulioruhusiwa. Bolti chache ni nafuu kuliko chasisi kukatika siku ya gulio.