Mama Si Mkia wa Baba

Leo nina dukuduku, tena linahusu lugha ambayo huenda wengi wenu hamjaisikia: Kiesperanto. Lugha hii haina kabila. Ilibuniwa na daktari wa macho, L. L. Zamenhof, aliyetoa kitabu chake cha kwanza huko Warsaw mwaka wa 1887 akitumaini kwamba watu wa mataifa yote wataelewana bila kudharauliana.

Nia njema, sina ubishi. Lakini hebu tazameni neno lake la mama. Baba ni patro. Mama je? Ni patrino, yaani patro lililobandikwa -in- ya kike. Kaka ni frato, dada fratino. Mwanamume ni viro, mwanamke virino. Kila mara mwanamume anatangulia akiwa mzima, mwanamke anafuata kama kiraka. Na si ati maneno yalimwishia! Kilatini kilichompa patro kina mater pia.

Mtaniambia ni hesabu tu: jifunze neno moja upate mawili. Sawa. Kwani hesabu ingeharibika angeanza na mama? Sisi tukisema kuku, tunamwona yule anayetaga. Dume ndiye anayetafutiwa jina lake, jogoo. Na hakuna aliyelalamika. (Wavulana wenzangu, msinizomee.)

Wasemaji wa Kiesperanto wenyewe wameliona jambo hili. Baadhi yao wamependekeza kiambishi cha kiume, -iĉ-, kinachotamkwa "ich", ili patro liwe mzazi tu, patriĉo awe baba na patrino abaki mama. Wengine hawataki kusikia. Mimi nawaunga mkono hao wa kwanza mia kwa mia.

Sasa tusianze kujipigia makofi, jamani. Ni kweli kwetu mwanamume na mwanamke wote wanaanzia kwa mwana, na "yeye" haulizi jinsia ya mtu. Lakini si ni sisi tunaosema Juma ameoa, Asha ameolewa? Na barua ya shule ikimwita mzazi, mama akaacha kibanda chake cha mboga akafika, bado ataulizwa langoni, "Baba yuko wapi?" Neno halikumfungia mlango, waliomfungia ni watu. Ila kuna faida moja ambayo patro haliwezi kumpa: mama anaweza kuikunjua ile barua pale pale langoni na kusema, "Mmeandika mzazi. Ndiye mimi."