Ndege ya karakana: Kwa nini ufundi wa Buyenzi haujapaa?

Katika gereji za Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa Kiswahili chake, mafundi hufufua injini ambazo kwingineko zingetupwa. Hata hivyo, kati ya kufufua injini ya gari na kuunda ndege nyumbani kuna pengo lisilozibwa na ustadi wa mikono pekee.

Afrika Mashariki inalijua pengo hilo. Mwaka 2011, Mganda Chris Nsamba alivuta macho ya dunia kwa chombo alichokiunda pamoja na vijana wa kujitolea uani kwa mama yake, Ntinda, Kampala. Jina lake lilivuma, lakini sekta ya ndege haikuzaliwa.

Nchini Marekani, sheria humpa fundi njia. Anayejenga sehemu kubwa ya ndege yake kwa kujifunza au kujiburudisha huomba cheti cha majaribio. Ndege hukaguliwa, kisha hurushwa kwanza mbali na makazi ya watu.

Kwa Bujumbura, tahadhari hiyo si anasa. Mji uko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, na joto huifanya hewa kuwa nyepesi, hivyo injini na mabawa hupungukiwa nguvu. Mashariki kuna milima. Magharibi, mpaka wa Kongo hauko mbali.

Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina wakala wa usalama wa anga, CASSOA, mjini Entebbe. Kanuni za pamoja kwa waundaji wadogo zingemwezesha fundi kukaguliwa tangu hatua ya kwanza. Bila njia hiyo, hubaki na mawili: kuiacha ndege uani, au kuirusha kwa kuhatarisha maisha.