Mcheza Kwao Hutuzwa, Asiyecheza Je?

Mpenzi msomaji, nataka kukiri jambo moja hapa mbele ya wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili na walimu wetu: mimi huogopa arusi. Siogopi kuolewa, maana hilo liko mbali, na kwa sasa adui yangu ni Hisabati. Naogopa kualikwa. Kadi ya mwaliko ikifika nyumbani ndugu zangu huanza kuota pilau na soda. Mimi tumbo hunisokota kama mtu aliyeambiwa kesho kuna mtihani wa Kemia na daftari lake limepotea.

Wenzetu wa shule za bweni wana bahati. Arusi huwapita wakiwa ndani ya ua la shule, na jamaa husema kwa huruma, "Maskini, yuko masomoni." Sisi wa kutwa Jumamosi tuko nyumbani. Huwezi kumdanganya mama kwamba una kazi ya ziada shuleni ilhali kibanda chake cha mboga kinatazamana na lango la shule.

Nisieleweke vibaya. Nawapenda jamaa zangu, lakini nawapenda mmojammoja. Nikiwa jikoni kwa cucu tukimenya viazi naweza kuzungumza mpaka moto uzime wenyewe. Shida ni pale wanapokusanyika 300 chini ya hema moja, kila mmoja amevaa nguo asiyovaa siku nyingine, na vipaza sauti vinanguruma hata kuku wa jirani wanahama.

Tena kuna maswali. "Wanijua mimi ni nani?" Hili ndilo mama wa maswali yote. Mwanamke aliyeniona mara ya mwisho nikiwa nimebebwa mgongoni anaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, hauachilii, anatabasamu na kungoja. Nikisema simjui, nimemkosea. Nikisema namjua, anauliza, "Haya, mimi ni nani?" Nimewahi kubahatisha nikamwita shangazi mtu ambaye kumbe ni jirani aliyekuja kusaidia kupika chapati. Yeye alicheka. Shangazi halisi aliyesimama kando yake hakucheka. Na swali hilo likipita mengine hufuata bila hata kupumua: uko kidato cha ngapi, ulikuwa nambari ngapi muhula uliopita, mbona umekonda, mbona umenenepa (haya mawili niliulizwa siku moja na watu wawili wa nyumba moja), na baada ya huyu si ni wewe? Kuhusu hilo la mwisho naomba jamaa zangu wajue kwamba nina miaka 16, na Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inasema mtu asioe wala kuolewa kabla hajatimiza miaka 18. Niacheni nimalize shule.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe kilichonifanya nishike kalamu. Likizo ya Agosti mwaka jana binamu yangu alifanyiwa ngurario huko Kangema, Murang'a. Kwa wenzangu wasio Wakikuyu, hiyo ni sherehe ya kukamilisha ndoa ya kimila, ambapo bwana arusi hukata nyama ya mbuzi mbele ya wazee wa pande zote mbili. Sisi tulikuwa upande wa msichana. Tuliondoka Thika saa kumi na mbili asubuhi kwa matatu ya kukodi, mama akinirekebisha kola njia nzima na kuniambia, "Leo uchangamke. Usinitie aibu."

Wageni walipofika tuliwafungia lango kama ilivyo desturi. Wakaimba, wakabembeleza, wakatoa kitu kidogo, wakaingia. Sehemu hiyo niliipenda kwa sababu nilikuwa nyuma ya lango. Baadaye wasichana tukaitwa ndani ya nyumba tufunikwe leso. Unajua mambo haya: bibi arusi hufunikwa gubigubi pamoja na wasichana wengine kadhaa, wote wanatolewa nje kwa foleni, na bwana arusi anatakiwa amtambue mchumba wake bila kufunua leso. Akikosea, faini.

Ndugu msomaji, wacha nikwambie ukweli. Chini ya ile leso ndiko nilikopata raha ambayo sijawahi kuipata katika arusi yoyote. Hakuna aliyeniona. Hakuna aliyeniuliza nambari. Nilitembea polepole nikiangalia vidole vya miguu ya aliye mbele yangu, watu wakipiga vigelegele, na kwa mara ya kwanza vigelegele havikunitisha. Nilijiambia laiti wageni wote wangefunikwa leso tangu asubuhi.

Kumbe mimi na binamu yangu tuna kimo kimoja. Bwana arusi akazunguka mara mbili, akasimama mbele yangu, akasema, "Ni huyu."

Leso ikavutwa. Hema lote likaangua kicheko. Alitozwa faini ya shilingi 2,000 na wanawake wa kwetu, na mambo yangeishia hapo. Lakini mfawidhi wa sherehe, au kama watu wasemavyo, msema chochote, akaona amepata lulu. Akanijia mbio na kipaza sauti, akanishika bega. "Bibi arusi wa pili! Hebu tuambie jina lako, na utuchezee kidogo! Mcheza kwao hutuzwa!" Muziki ukafunguliwa.

Wengine wangesema jina, wakatikisa bega moja, wakaenda zao. Mimi koo lilikauka. Kijasho chembamba kilinitoka. Jina langu, ambalo nimeliandika juu ya kila daftari tangu darasa la kwanza, lilinipotea. Nilisimama pale nikiwa nimeshika ncha ya leso, muziki ukapigwa ukamalizika, na kicheko cha furaha kikaanza kugeuka kuwa kile kicheko kingine. Nikaitupa leso nikatoka mbio. Nilijificha ndani ya matatu, kiti cha nyuma kabisa, mpaka saa kumi na moja jioni. Pilau sikula. Keki sikuiona.

Nikiwa humo dirishani walipita shangazi zangu wawili. Mmoja alisema, "Yule mtoto wa mjini ana maringo. Ameona sisi ni watu wa chini." Mwenzake akajibu, "Si makosa yake. Ni vile amelelewa." Maneno hayo ya pili ndiyo yaliyomfikia mama, sijui kwa njia gani. Kutoka Kangema hadi mjini Murang'a hakunisemesha. Hata tulipofika Kenol, mahali ambapo kila mara huninunulia mahindi ya kuchoma, alitazama mbele tu. Tulipofika nyumbani alisema neno moja, "Kalale." Mama amenilea peke yake tangu nikiwa darasa la tatu. Ningejua kwamba kimya changu kingehesabiwa juu yake, pengine ningecheza hata kama ningeanguka.

Hoja yangu ni hii. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Sikatai. Lakini hawakusema kwamba asiyecheza atozwe faini. Tena nikichunguza mila hizihizi tunazoambiwa tuzitunze, sioni mahali zilipomlazimisha kila mtu kuzungumza. Kwetu siku ya ruracio, yaani siku ya kujadili mahari, bwana arusi mwenyewe hafungui mdomo kujadili chochote. Wazee wake ndio husema kwa niaba yake, tena kwa mafumbo. Wajaluo wana jagam, mtu wa kati anayeunganisha nyumba mbili. Waislamu wa pwani na kwingineko wana walii anayemwozesha binti. Inaonekana wazee wa kila upande walijua tangu zamani kwamba si kila mtu ana kipawa cha kusema mbele ya watu, ndiyo sababu wakawachagua wenye kipawa hicho na wengine wakaachiwa kuketi, kula na kushuhudia. Kushuhudia nayo ni kazi. Ndoa haihitaji wacheza ngoma 300. Inahitaji watu watakaosema kesho kwamba walikuwepo. Aliyeleta sheria kwamba kila mgeni aonyeshe meno na kiuno si mzee wa mila. Ni kipaza sauti.

Deski-mate wangu alisoma nakala ya kwanza ya makala hii akaniambia, "Wewe unajitetea tu. Haya ni ugonjwa, na dawa yake ni mazoezi. Mbona paredi ya Jumatatu unasoma taarifa ya chama mbele ya shule nzima?" Swali lake ni zuri, na limenisumbua usiku kadhaa. Jibu langu ni kwamba paredini nina karatasi. Najua neno la kwanza na neno la mwisho, na hakuna atakayenikatiza kuniuliza mbona nimekonda. Arusini hakuna karatasi. Mtu anakurushia mpira nawe hujui hata ni mchezo gani unaochezwa. Kwa hiyo sikubali kwamba mimi ni mgonjwa. Ila nakubali mazoezi yapo, na nitayataja.

Kabla ya hapo lazima niseme upande ambapo mimi ndiye mwenye makosa, maana makala ya kulaumu watu wazima peke yao mwalimu mlezi wa chama hangeipitisha, na angekuwa na haki. Jioni ile nikiwa ndani ya matatu, guka alinitafuta. Guka hasikii vizuri, na katika kelele ile alikuwa ameketi peke yake nusu ya siku, akitikisa kichwa kwa kila mtu aliyemwinamia bila kujua amesema nini. Alikuwa ameniwekea kipande cha nyama choma ndani ya karatasi. Nilimwona akipita kati ya magari na fimbo yake, akiuliza watu kama wameniona. Alipita hatua mbili kutoka kwenye dirisha langu. Sikutoka. Nilijua nikitoka nitalia, na sikutaka kuonekana nikilia. Akarudi na karatasi yake mkononi. Yeye hakuwa na kipaza sauti. Hangeniuliza nambari. Huyo sikumkimbia kwa sababu ya haya, nilimkimbia kwa sababu ya hasira niliyokuwa nayo kwa wengine, na hilo silipi jina zuri.

Basi kwenu watu wazima mtakaosoma gazeti hili wazazi wakilileta nyumbani: mkikutana na mtoto arusini, mtajieni ninyi ni nani. "Mimi ni dada mdogo wa baba yako, yule wa Nakuru." Sekunde tatu tu, na mtoto amepona. Msimvute mkono mtu aliyekwisha sema hapana mara mbili. Na akikaa kimya msimhesabie kiburi mpaka mmemwona akidharau mtu kwa macho yenu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, lakini changu hakina mshindo wowote; ni kimya tu.

Kwenu wenzangu wenye haya, na najua tuko wengi, hasa wale wa madawati ya nyuma: nimegundua kwamba ni heri kufika mapema. Hema likiwa nusu tupu unaweza kuwaamkia wazee mmojammoja kabla muziki haujaanza, na ukishawaamkia hakuna atakayesema hukusalimia. La pili, ombeni kazi. Mtu mwenye kreti ya soda mkononi ana ruhusa ya kwenda popote na hadaiwi hadithi. Ana neno moja tu la kusema, "Nyeusi au ya machungwa?" na kila mtu anamshukuru. Nilijaribu mwezi wa Aprili katika arusi ya kanisani ya jirani yetu. Niliosha sahani, nikagawa soda, na mama mmoja nisiyemjua akasema huyu msichana ana heshima kweli. Ni mimi yuleyule wa Kangema.

Kuna siku moja tu nilihudhuria arusi bila kazi wala hofu. Ilikuwa mwaka wa 2020, wakati wa Korona, baada ya serikali kuruhusu watu 100 tu katika arusi. Nilikuwa mdogo, viti viliwekwa mbalimbali, kupeana mikono kulikatazwa, na kila mtu alikuwa na barakoa. Watu wazima walinung'unika kwamba haikuwa arusi. Mimi nilikaa kwenye kiti changu nikamtazama mjomba akivishwa pete na nikasikia kila neno la kiapo. Siombi ugonjwa ule urudi, Mungu atuepushe. Nasema tu kwamba ndiyo arusi pekee ambayo hadi leo nakumbuka waliooana waliahidiana nini.

Disemba hii dadangu anaolewa. Kamati imekwisha kaa mara mbili nyumbani kwetu, na mfawidhi aliyependekezwa ni yuleyule. Nimemwambia mama kwamba nitafika alfajiri, nitawaamkia wote, nitaketi na guka wakati wa chakula nimkatie nyama, kisha niwekwe kwenye soda. Kucheza sitacheza. Mama alinyamaza kidogo akiendelea kupanga sukuma wiki zake, halafu akasema ataongea na kamati.