Unarudi Dar, kwa nini ulale Addis?

Najua utanicheka, msomaji. Kijana wa Temeke, elimu yake kidato cha nne, kalamu yake ya kuombaomba kazi kwa wahariri, leo anasimulia habari za kukwea pipa! Tulia kwanza. Tiketi alinilipia dada yangu anayelea wazee kule Ukerewe. Alisema njoo ule likizo wiki tatu uone tunavyoishi, usije ukadhani huku pesa zinaokotwa barabarani. Nikaenda, nikaona, na hayo nitakusimulia siku nyingine kijiweni. Leo nataka tuzungumze njia ya kurudi.

Kutoka London hadi Dar es Salaam ni kama kilometa 7,500. Ndege kubwa ikinyoosha, unaondoka jioni na asubuhi unaogea kwenu. Mimi niliaga kwa dada saa nane mchana, nikabisha hodi Temeke kesho yake magharibi. Katikati hapo nililala saa sita juu ya benchi Addis Ababa, begi chini ya kichwa, kamba za viatu nimezifunga mkononi kama niko stendi.

Na kweli ilikuwa stendi. Kila upande nasikia Kiswahili. Wafanyabiashara wa Kariakoo wametoka Guangzhou, wanabishana bei ya vitenge. Mama mmoja katoka India, alimpeleka mumewe kutibiwa. Kuna mwanafunzi na koti zito la baridi, na kundi la Wazungu wanaokwenda Zanzibar, kofia za jua wameshavaa usiku huo huo. Nikawaza: hivi sisi wote, na wageni wetu juu, nani katukutanisha kwenye uwanja wa Mhabeshi?

Usiniambie Mhabeshi ni tajiri kuliko sisi. Njaa yake ya mwaka 1984 dunia nzima iliiona kwenye televisheni. Tena sikiliza hili, maana nadhani shuleni hukufundishwa. Shirika lao la ndege liliundwa Desemba 1945, likarusha ndege ya kwanza ya abiria Aprili 1946, kwenda Cairo. La kwetu, East African Airways, lilianza kazi Januari 1946. Watoto wa rika moja! Ni kweli la kwetu lilizaliwa na mkoloni, lakini hata la kwao liliongozwa na Wamarekani tangu mwanzo, mpaka mwaka 1971 ndipo Mhabeshi akashika usukani.

Tena letu halikuwa shirika la kubahatisha. Mwaka 1966 lilianza kupokea ndege aina ya Super VC10, zile zenye injini nne nyuma, mkiani, zikawa zinakwenda London. Zilikuwa tano. Moja ilianguka hapo hapo Addis tarehe 18 Aprili 1972 ilipokuwa inataka kuruka, wakafa watu 43. Zikabaki nne. Mzee wako kama aliishi mjini miaka hiyo, muulize, atakuambia.

Ikaja 1977. Wakubwa wa nchi tatu hawaelewani, madeni ya shirika yamepanda, kila mmoja anasema mwenzake halipi. Nairobi wakaanzisha lao Januari, sisi tukaanzisha letu Machi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Walipasua shirika kama ndugu wanaogawana kitanda cha marehemu, huyu miguu, yule mbao. Mgawanyo wa mali za Jumuiya wenyewe ulitiwa saini Arusha mwaka 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Wazee waliozifanyia kazi mali hizo tumewaona wakiandamana Dar, mvi kichwani, wakidai mafao yao.

Na zile VC10 nne? Zilirudi kwa waliozitengeneza. Jeshi la anga la Uingereza likazinunua, likazigeuza kuwa matangi ya kujazia ndege za vita mafuta angani, zikapiga kazi hadi Septemba 2013. Miaka 36 baada ya sisi kusema haiwezekani! Mwaka huo huo wa 2013 shirika la Waingereza nalo likaacha kuja Dar. Ndipo njia ya kunyoosha ikatufia kabisa, tukabaki na mabenchi ya watu.

Utasema, lakini sasa ndege tunazo. Nakubali, tena nami nilishangilia Dreamliner ilipotua Julai 2018. Ila tumeshashangilia mara nyingi. Tulishangilia Alliance miaka ya tisini, tukiwa pamoja na Waganda na Makaburu, haikufika mbali. Mwaka 2002 tukawauzia Makaburu hao hao asilimia 49 ya ATC kwa dola milioni 20, mwaka 2006 ndoa ikavunjika. Kila ripoti ya CAG ikitoka tunatajiwa hasara. Halafu Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukaliweka shirika letu kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuingia anga lake, na Juni 2025 ukayaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania, kwa maelezo kwamba usimamizi wa usalama una kasoro. Wapo watakaosema ni hila za Wazungu. Sawa, lakini Mhabeshi mbona anapita?

Huyu naye shirika lake ni mali ya serikali mia kwa mia, kwa hiyo wimbo wa kwamba mali ya umma lazima ife hauna maana. Wanajeshi walimpindua mfalme wao mwaka 1974, zikaja vita, ikaja njaa, lakini hakuna aliyeligawana shirika. Wana chuo chao cha marubani na mafundi, na Waafrika wa nchi nyingine wanakwenda kusoma kwao. Sisi tunakata utepe, tunapiga ngoma, na siku ya pili hakuna anayeuliza fundi wa hiyo ndege atatoka wapi.

Hapo ndipo habari hii inakuhusu wewe ambaye pasipoti hujawahi kuishika. Kijana wa Vingunguti anazihesabu ndege zinavyopita juu ya bati la kwao tangu akiwa mtoto, na ukubwani anauza maji ya chupa kwenye foleni ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Alfajiri ile kupitia kioo cha Addis nilimwona wa rika langu, ovaroli imechafuka grisi, tochi mdomoni, kichwa kimeingia ndani ya injini. Nikamtazama mpaka tulipoitwa.

Tulitua Dar alasiri. Nikapanga foleni ya pasipoti, nikangoja mzigo, na nilipotoka nje na begi langu, abiria wa kwenda Addis kwa ndege ile ile niliyoshuka walikuwa wanaagana na ndugu zao mlangoni.