Daftari la Wiki: Orodha Imehamia Langoni

Magazeti ya Ijumaa yalifika Embu asubuhi na mapema, yakatandazwa chini kando ya stendi, kila moja limewekewa jiwe lisipeperuke. Ukurasa wa mbele ni ule ule wa kila mwaka: msichana amebebwa juujuu, mama anapiga vigelegele. Niliwahesabu waliosimama kusoma: kumi na wawili. Aliyenunua, mmoja. Muuzaji hakuwafukuza. Aliniambia msomaji wa bure ni tangazo, watu huvutwa na watu.

Hakuna aliyekuja kutafuta gredi ya mwanawe. Waziri wa Elimu Julius Ogamba alitangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, KCSE, Alhamisi, Januari 9, 2025, na wenye simu waliingiza nambari ya mtihani kwenye tovuti ya baraza la mitihani, KNEC, wakacheka au wakalia siku hiyo hiyo. Gazeti ni la kujua ya wenzako. Kati ya watahiniwa 962,512, waliopata A ni 1,693, yaani mmoja katika kila 568 hivi. Mzee mmoja aliyeegemea baiskeli alisikiliza hesabu hiyo, akauliza, "Na hao 567 watapigwa picha lini?" Muuzaji akajifanya anapanga chenji.

*

Aliyeifuta orodha ya shule bora katika matokeo ni mtu wa huku Meru, Profesa Jacob Kaimenyi, alipokuwa Waziri wa Elimu mwaka 2014. Kabla ya hapo, wazazi walilitunza gazeti la matokeo pamoja na hati ya shamba. Alikuwa na sababu: shule zilikuwa zinakimbizana kama farasi. Ila orodha haikufa. Magazeti huiunga upya kwa kuwapigia simu walimu wakuu, nayo iliyobaki nimeipita barabarani kutoka Embu hadi Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, imening'inia kwenye malango ya shule: mabango yenye nyuso na gredi, mengine marefu kuliko lango lenyewe. Bango moja lilikuwa na wanafunzi sita. Darasa zima liko wapi? Afadhali orodha ya gazeti. Aliyeshika mkia alihesabiwa pia.

*

Muuzaji wangu wa Meru analalamika kwamba sikukuu zake, siku za matokeo, zinapungua. KCPE, mtihani wa darasa la nane ulioanza 1985, ulifanywa mara ya mwisho 2023. KCSE nayo, kwa mfumo wa 8-4-4, inafika tamati 2027. Nikamwambia mtaala mpya una mitihani yake. Akanijibu kwamba matokeo yasiyo na namba moja hayauzi gazeti.

*

Naitafuta nakala ya gazeti lolote la matokeo ya KCPE la miaka ya tisini. Muuzaji wa Meru hana, zake zilifungia nyama. Msomaji wa Embu au Meru aliye nayo kwenye sanduku aniandikie. Nitaipiga picha tu na kuirudisha, na nauli ya matatu ni juu yangu.