Wafiwa wasisahauliwe kaburi likishafukiwa

MSIBA unapobisha hodi, Wakenya huwa wakarimu ajabu. Kamati ya mazishi huundwa siku hiyo hiyo, mchango ukakusanywa, jeneza na gari vikatafutwa. Tatizo huanza kaburi linapokwisha kufukiwa. Waombolezaji hutawanyika, simu hukoma, na mjane huachiwa karo, madeni na ukimya.

Hapo ndipo ukumbusho unapohitajika. Waislamu wa Pwani, ambao huzika haraka, wana matanga, khitma na, kwa wengi wao, arobaini. Familia nyingi za Kikristo huandaa ibada mwaka unapotimia. Desturi hizi humrejeshea mfiwa watu wakati upweke umekolea.

Mfano wa kitaifa upo Nairobi. Ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa kwa bomu Agosti 7, 1998, zaidi ya watu 200 waliuawa jijini humo. Mahali hapo paligeuzwa bustani iliyofunguliwa 2001, yenye ukuta ulioandikwa majina yao. Jamaa hukutana hapo kila Agosti 7 kuomba na kuweka maua. Wamepata mambo matatu: mahali, tarehe na jina linalosomwa.

Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi. Kamati iliyochangisha kwa ajili ya siku moja ya mazishi yaweza kuteua wawili wa kumtembelea mfiwa kila mwezi, na kutenga kiasi kidogo cha ukumbusho wa mwaka. Anayekosa usingizi na hamu ya chakula kwa muda mrefu apelekwe kwa mshauri nasaha, asiambiwe tu ajikaze. Marehemu amekwisha kupumzika. Mzigo uko kwa aliyebaki.